Uandishi wa Maagizo ya Picha kwa Programu za Akili Unde

Agizo, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni maandishi ambayo mtumiaji huyaingiza katika programu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, ili programu hiyo itengeneze picha ambayo haikuwapo kabla. Programu za aina hii zilianza kufahamika kwa umma baada ya kampuni ya OpenAI kuitangaza DALL-E mwezi Januari 2021, na zikaenea kwa kasi mwaka 2022, pale DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion zilipowafikia watu wa kawaida katika muda wa miezi michache. Tangu hapo wachapishaji wa vitabu, walimu, watengenezaji wa matangazo na wale wanaobuni kadi za harusi wamejikuta wakihitaji ustadi ambao hawakufundishwa shuleni, yaani ustadi wa kukieleza kwa maneno kitu ambacho jicho litakiona. Ustadi huo haujengwi kwa kukariri orodha za maneno ya siri zinazouzwa mitandaoni, bali kwa kuvitazama vitu kwa makini na kuvieleza kwa ukamilifu. Na anayetaka picha za mazingira ya Waswahili ana mzigo mkubwa zaidi wa maelezo kuliko anayetaka picha ya mtaa wa Paris, kwa sababu inayotokana na namna programu zenyewe zilivyofunzwa.

Programu inavyolisoma agizo

Programu nyingi za kuzalisha picha zimejengwa juu ya modeli za difusheni. Modeli ni mfumo wa hesabu uliojifunza kutokana na mifano mingi, na difusheni ni njia ya kuufunza ambamo picha halisi huharibiwa kidogo kidogo kwa kutiwa chenga, kama zile za televisheni isiyoshika mawimbi, hadi pasibaki kitu kinachotambulika, kisha modeli ikafunzwa kuzisafisha chenga hizo hatua kwa hatua. Ikishajifunza, modeli hupewa chenga tupu na kutakiwa izisafishe, na agizo ndilo linaloiongoza isafishe kuelekea wapi. Ili agizo liweze kuongoza, maneno yake hugeuzwa kwanza kuwa namba na sehemu ya programu iitwayo kisimbaji cha maandishi, ambayo nayo imefunzwa kwa jozi za picha na maelezo yake. CLIP, kisimbaji cha OpenAI kilichotumika katika matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion, kilifunzwa kwa jozi milioni 400 zilizokusanywa kutoka intaneti. Hazina ya LAION-5B, iliyotolewa mwaka 2022, ina jozi bilioni 5.85, na takribani bilioni 2.3 kati yake zina maelezo ya Kiingereza, ambayo ndiyo sehemu iliyotumika kuifunza Stable Diffusion mwanzoni.

Ukweli huu una matokeo mawili ambayo kila mwandishi wa maagizo anapaswa kuyashika. Kwanza, modeli hukijua kitu kwa kadiri kitu hicho kilivyopigwa picha na picha hiyo ikaandikiwa maelezo sahihi. Ngalawa iliyopigwa picha na mtalii huko Nungwi, kisha ikaandikiwa kwamba ni mashua ufukweni Zanzibar, imeifunza modeli mashua na ufukwe, lakini haikuifunza ngalawa. Jina la kitu peke yake, kwa hiyo, halitoshi pale ambapo wapiga picha na waandishi wa maelezo hawakulijua jina hilo. Lazima liambatane na umbo, nyenzo, ukubwa, rangi na namna sehemu za kitu hicho zilivyoungana.

Pili, modeli hufuata kinachoonekana na haina njia ya kulijua kusudio lililomo moyoni mwa mwandishi. Agizo linalosema "picha inayoonyesha bidii na uzalendo" huiachia programu iamue bidii ina sura gani, na uamuzi huo kwa kawaida huwa ni bendera, ngumi zilizoinuliwa na nyuso zinazotazama angani. Mwandishi anayetaka bidii anapaswa kuigeuza kuwa kitu kinachoonekana: mwanamke wa makamo aliyeinama juu ya cherehani usiku, miwani ikiwa imeteremka puani, taa moja juu ya meza, vitambaa vilivyokatwa vikiwa vimerundikana sakafuni.

Kutoka jina hadi maelezo

Uchukuliwe mfano wa mchapishaji anayetaka mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa ajili ya jalada la kitabu. Akiandika tu "mlango wa Zanzibar", anaweza kuletewa mlango wa mbao wenye michoro isiyoeleweka, ambao ungeweza kuwa wa Morocco, wa Rajasthan au wa hoteli yoyote ya kitalii, kwa kuwa programu huliziba pengo lisiloelezwa kwa kile ilichokiona mara nyingi zaidi. Mlango wenyewe, kwa anayeujua, una sehemu zenye majina: miimo ya pembeni, kizingiti cha juu chenye nakshi nzito kuliko sehemu nyingine zote, mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na mfaa, yaani mti uliosimama katikati kufunika mahali mbao hizo zinapokutana. Programu huenda isilijue neno mfaa katika lugha yoyote, lakini inajua nguzo nyembamba ni nini, inajua katikati ni wapi, na inajua kitu kilichochongwa kinafananaje. Agizo lenye manufaa lingeweza kuandikwa hivi:

"Mlango mkubwa wa mbao nyeusi wenye mbao mbili, umefungwa, unaonekana wote kutoka mbele kwa usawa wa macho, fremu nene ya mstatili iliyochongwa maua ya yungiyungi, na mnyororo uliochongwa ukizunguka ukingo wake, kizingiti cha juu kipana chenye nakshi nzito, nguzo nyembamba iliyochongwa katikati ya mbao mbili, kutoka juu hadi chini, safu za misumari mikubwa ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka, ukuta mweupe wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa na kubanduka, baraza ya mawe kila upande, mwanga laini wa asubuhi kutoka kushoto, picha ya kamera."

Inafaa kutazama mpangilio wake. Kitu kikuu kimetangulia, kwa sababu katika programu nyingi maneno ya mwanzo huwa na nguvu zaidi kuliko ya mwisho. Sehemu zake zikafuata kwa utaratibu ambao jicho lingeutumia, kutoka kubwa hadi ndogo. Mazingira, mwanga na aina ya picha vikaja mwishoni. Kila kipande kinaeleza kitu kinachoweza kuonekana, na hakuna neno la sifa tupu kama "nzuri sana" au "ya kuvutia". Mchapishaji akitaka mlango wa mtindo uliokuja baadaye, ulioathiriwa na mafundi wa Kihindi, atabadilisha maneno machache tu, aseme kwamba sehemu ya juu ni ya nusu duara badala ya mstatili, na mlango utabadilika wote. Akisahau kulisema hilo, programu itamchagulia.

Urefu nao una mpaka. Kisimbaji cha CLIP hupokea tokeni 77, yaani vipande vya maneno, ambapo 2 kati yake ni alama za mwanzo na mwisho, hivyo mwandishi hubakiwa na 75. Kinachozidi hapo, katika programu zisizo na njia ya kukirefusha, hutupwa bila onyo. Maneno ya Kiswahili yenye viambishi vingi hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa sababu ukataji wenyewe uliandaliwa kwa kufuata Kiingereza, kwa hiyo agizo lililotajwa hapo juu lingekatika njiani katika Stable Diffusion ya awali. Programu mpya zaidi hupokea aya nzima. Panapolazimu kupunguza, umbo libaki na sifa ziondoke: neno moja linaloeleza nguzo ya katikati lina thamani kuliko maneno matano yanayodai ubora wa hali ya juu.

Ngalawa huhitaji kazi kama hiyo. Ikitajwa kwa jina tu, mara nyingi huja mashua ya anasa yenye matanga mawili meupe. Ikielezwa kuwa ni mtumbwi mwembamba uliochongwa kutoka gogo moja, wenye boriti mbili zinazoukatiza kwa juu na kushikilia mbao nyembamba zinazoelea pande zote mbili, mlingoti mmoja mfupi, na tanga moja la pembetatu lililofungwa kwenye foromali iliyolala mshazari, hukaribia sana kuwa yenyewe. Mwandishi ajihadhari kuiweka pamoja na jahazi katika agizo moja kabla hajaridhika na kila chombo peke yake, kwani programu huchanganya sifa za vitu vinavyofanana, na jahazi linaweza kuota mbao za pembeni ambazo halina.

Kanga ni ngumu zaidi, na inastahili kuzungumziwa kwa kirefu kwa kuwa ndiyo huombwa sana na ndiyo hukosewa sana. Nguo hiyo ina pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ambao ni uwanja wa katikati, na jina, yaani maandishi yaliyopigwa chapa ndani ya kisanduku upande wa chini wa mji. Programu zisizoujua mpangilio huu huchora kitambaa chenye marembo yanayojirudia kutoka ukingo hadi ukingo, jambo ambalo huifanya kanga kuwa kitenge, na msomaji wa Mombasa au Tanga ataligundua kosa hilo mara moja hata kama mchoraji wa jalada hakuligundua. Agizo, basi, litaje "kitambaa cha mstatili chenye ukingo mpana wa rangi moja kuzunguka pande zote, uwanja wa katikati wenye pambo moja kubwa la korosho, na kisanduku chembamba kitupu chini ya pambo hilo". Kisanduku kiachwe kitupu kwa makusudi. Modeli za difusheni za awali ziliyachora maandishi kama maumbo bila kujua tahajia, na ingawa programu za karibuni, ikiwemo ile iliyowekwa ndani ya ChatGPT mwezi Machi 2025, huandika maneno machache kwa usahihi mkubwa zaidi pale yanapowekwa ndani ya alama za kunukuu, herufi moja iliyokosewa katika jina la kanga huweza kuligeuza fumbo kuwa tusi. Njia salama ni kuyaandika maandishi baadaye kwa programu ya kuhariri picha, kwa herufi ambazo mwandishi amezichagua mwenyewe.

Mwanga, kamera na aina ya picha

Mwanga ndio hubadilisha picha zaidi ya kitu kingine chochote, na ndio waandishi wengi husahau kuutaja. Usipotajwa, programu nyingi huelekea kutoa mwanga wa dhahabu wa jioni wenye vivuli virefu, unaopendeza lakini unaozifanya picha zote zifanane. Pwani ya Afrika Mashariki iko karibu na ikweta, ambapo jua la mchana husimama juu ya kichwa, vivuli hujikusanya miguuni, na kuta nyeupe humeta hadi kuumiza macho; anayetaka soko la mchana lenye ukweli aandike "jua kali la juu kabisa, vivuli vifupi vyeusi chini ya meza, anga nyeupe ya joto". Saa zisitajwe kwa namba. Saa kumi na mbili jioni kwa hesabu ya Kiswahili inaweza kusomwa na programu kuwa usiku wa manane au adhuhuri, kwa hiyo ni bora kueleza hali ya anga yenyewe: jua likikaribia kuzama, upeo wa bahari ukiwa mwekundu, taa za vibanda zikianza kuwaka.

Istilahi za upigaji picha hufanya kazi vizuri kwa sababu wapiga picha wengi huzitaja katika maelezo ya picha zao. Lenzi ya milimita 24 huonyesha eneo pana na kuvikuza vilivyo mbele. Ya milimita 85 huzoeleka kwa picha za nyuso, ikiacha usuli, yaani vilivyo nyuma, ukififia. Mwandishi ataje pia mahali kamera iliposimama, iwe ni usawa wa macho, chini karibu na ardhi, au juu kutoka ghorofani, na umbali wake, iwe ni uso tu, mtu kuanzia kiunoni au mtu mzima na mazingira yake.

Aina ya picha huamuliwa na mahali itakapotumika. Mwalimu anayetayarisha zoezi litakalotolewa nakala kwa mashine ya fotokopi hana haja ya rangi. Agizo lake liseme "mchoro wa mistari myeusi minene juu ya karatasi nyeupe, bila vivuli, bila rangi ya kijivu", na nakala ya thelathini itasomeka kama ya kwanza. Asiagize hata hivyo mchoro wa moyo wa binadamu au ramani ya Afrika Mashariki kwa kutegemea kwamba itakuwa sahihi. Programu huzalisha kitu kinachofanana na ramani, na mpaka wa Tanzania na Malawi unaweza kupita popote. Michoro ya kisayansi ichukuliwe kutoka vyanzo vinavyothibitika, na akili unde iachiwe mapambo na simulizi.

Kuhusu mitindo ya sanaa, tofauti inapaswa kuwekwa kati ya mbinu na mtu. Uchoraji wa Tingatinga, ulioanzishwa jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ni shule nzima yenye wachoraji walio hai ambao hula kwa kuuza picha zao, na picha bandia ya mtindo huo ikichapishwa kwenye fulana huingia soko lilelile. Mwandishi wa maagizo anaweza kueleza sifa zinazoonekana, kama vile rangi za mafuta zinazong'aa, usuli wa rangi moja unaofifia, wanyama wenye macho makubwa na madoa yanayorudiwarudiwa, kwa ajili ya majaribio au somo. Lakini kwa kazi ya biashara haki inadai kwamba aagizwe mchoraji. Kutaja jina la msanii aliye hai ili kuiga mkono wake ni jambo la kuepukwa kabisa, hata pale programu inapoliruhusu.

Mahali programu inapoteleza

Kukanusha ni mtego wa kwanza. Agizo lisemalo "mtaa usio na magari" lina neno magari ndani yake, na modeli nyingi hulishika neno hilo na kuliacha kanusho, hata mtaa ukajaa magari. Dawa ni kueleza kilichopo badala ya kisichokuwapo: "mtaa mwembamba wa watembea kwa miguu, watoto wakicheza katikati ya njia". Baadhi ya programu zina nafasi ya pekee kwa agizo hasi, yaani orodha ya vitu vinavyotakiwa kuepukwa. Stable Diffusion huwa na kisanduku chake, na Midjourney hutumia alama ya --no ikifuatwa na jina la kitu. Huko, na huko tu, ndiko mahali pa kutaja kisichotakiwa.

Idadi huteleza kadiri inavyopanda. Watu watatu hupatikana mara nyingi, kumi na mmoja wa timu ya mpira kwa nadra, na agizo lenye busara huomba "kundi la wachezaji" pale ambapo hesabu si muhimu. Sifa pia huhama: "mwanamke mwenye buibui jeusi na msichana mwenye gauni la njano" huweza kuleta buibui la njano, hasa sentensi inapokuwa ndefu. Kumweleza mtu mmoja hadi mwisho kabla ya kuanza wa pili, na kuwatenga kwa nafasi zao, mmoja kushoto na mwingine kulia, hupunguza tatizo hilo ingawa hakuliondoi, kwa sababu kushoto na kulia vyenyewe huchanganywa.

Watu ndani ya picha

Modeli hurithi upendeleo wa picha zilizoifunza, na upendeleo huo haujifichi. Mwaka 2023, watafiti walioandika katika jarida la The Lancet Global Health waliiagiza Midjourney itoe picha za madaktari Waafrika weusi wakiwahudumia watoto wazungu wagonjwa, na karibu kila mara watoto waliotokea walikuwa weusi, hata agizo liliposema wazi kinyume chake. Programu ilikuwa imejifunza kutoka picha nyingi mno za misaada ni nani huponya na ni nani huponywa, na maneno ya agizo hayakuwa na nguvu ya kutosha kuushinda mrundikano huo.

Kwa mwandishi wa Afrika Mashariki jambo hili si la nadharia. Maneno "nyumba ya Kiafrika" huita msonge wa udongo, "kijiji" huita vumbi, na "mtoto wa Kiafrika" huita macho makubwa yanayoomba, hata pale kitabu kinapohusu mtoto wa mhasibu anayeishi ghorofa ya nne huko Kileleshwa. Neno "Kiafrika" liachwe, kwa kuwa bara zima haliwezi kuchorwa, na mahali pake paje mahususi: sebule yenye kochi la kahawia na kitambaa cha kufumwa mgongoni mwake, televisheni ukutani, dirisha lenye nondo, sare ya shule yenye sweta la kijani, jagi la plastiki mezani. Umri, kazi, mavazi, namna nywele zilivyosukwa na hali ya uso vitajwe kwa kila mhusika mkuu. Rangi ya ngozi itajwe pia kwa uwazi, kwa maneno kama "ngozi nyeusi ya kahawia iliyokolea", kwani isipotajwa baadhi ya programu huirudisha kwenye weupe, hasa kazi inapokuwa ya heshima kama uhakimu au urubani. Pale agizo linaposhindwa baada ya marudio kadhaa, kama lilivyoshindwa kwa watafiti waliotajwa, picha hiyo isichapishwe. Mpiga picha ataifanya kwa saa moja.

Lugha ya agizo

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo agizo liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Jibu hutegemea programu. Zile zinazotegemea visimbaji vilivyofunzwa zaidi kwa Kiingereza hukielewa Kiswahili kwa kubahatisha, na agizo zuri huambulia picha isiyohusiana nalo. Zile zilizounganishwa na modeli za lugha hulisoma agizo kwanza na kuliandika upya kabla ya kuchora. Ndivyo DALL-E 3 ilivyofanya kazi ndani ya ChatGPT kuanzia mwaka 2023, na katika programu za aina hiyo Kiswahili sanifu hupokelewa vyema. Uandishi huo mpya una faida na hasara, kwa sababu huongeza maelezo ambayo mwandishi hakuyaomba, na ni busara kuitaka programu ionyeshe agizo iliyolitumia ili nyongeza hizo zionekane na zikataliwe ikibidi. Kipimo rahisi ni kuiagiza programu kwa Kiswahili kitu cha kawaida chenye sifa mbili, kama vile mbuzi mweupe juu ya paa la makuti, na kutazama kama vyote vitatokea. Visipotokea, agizo litungwe kwa Kiswahili, ambamo mwandishi anayaona mambo kwa ukamilifu, kisha litafsiriwe, na majina yasiyo na tafsiri yabebwe na maelezo ya umbo.

Kurudia na kurekebisha

Agizo la kwanza ni rasimu. Jason Allen wa Marekani, ambaye picha yake iliyotengenezwa kwa Midjourney ilipata tuzo ya kwanza katika kitengo cha sanaa ya kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022, alieleza kwamba aliingiza maagizo na masahihisho yasiyopungua 624. Si kila kazi inahitaji kiasi hicho, lakini kila kazi inahitaji utaratibu, na kanuni yake ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mwanga, mavazi na umbali wa kamera kwa pamoja hatajua ni lipi lililoiboresha picha na ni lipi lililoiharibu.

Utaratibu huo hautekelezeki bila mbegu, yaani namba inayoamua chenga za mwanzo zitakavyokuwa. Mbegu ileile, agizo lilelile na mipangilio ileile katika programu ileile huleta picha ileile au inayokaribiana nayo sana, hivyo mwandishi akiishikilia mbegu huyaona matokeo ya neno moja alilolibadilisha. Stable Diffusion ina kipimo kingine cha kiasi ambacho modeli italazimika kulifuata agizo, ambacho katika matoleo yake ya awali huwekwa kwa kawaida karibu na 7.5; kikishushwa sana picha hulisahau agizo, kikipandishwa sana rangi huungua na maumbo hukakamaa. Uwiano wa pande uamuliwe mapema kabla ya yote hayo, kwa sababu jalada la kitabu lililo wima na bango lililolala havichukui mpangilio mmoja wa vitu, na kuikata picha ya mraba baadaye hupoteza vichwa na miguu.

Picha ikishakaribia kukamilika, si lazima agizo zima lirudiwe kwa ajili ya dosari moja. Programu nyingi huruhusu sehemu ya picha kuwekewa alama na kuchorwa upya peke yake, na agizo la sehemu hiyo liwe fupi, likieleza sehemu yenyewe tu: "mkono wa kulia ukishika sindano, vidole vitano". Kwa vitu ambavyo maneno yameshindwa kabisa kuvifikisha, picha halisi aliyoipiga mwandishi mwenyewe inaweza kuingizwa pamoja na agizo iwe kielelezo, na picha moja ya ngalawa iliyopigwa kwa simu huko Kunduchi huweza kumaliza kazi ambayo aya mbili za maelezo hazikuimaliza.

Kabla ya kuchapisha

Picha ikaguliwe kwa ukubwa wake kamili na mtu anayekijua kinachoonyeshwa, si kwa mtazamo wa haraka kwenye simu. Vihesabiwe vidole, yasomwe maandishi ya mabango yaliyo nyuma, litazamwe tanga kama lina foromali, itazamwe kanga kama ina pindo. Sura ya mtu halisi isizalishwe bila ridhaa yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika inaweza kuangukia chini ya sheria hizo. Kuhusu hakimiliki, ofisi ya hakimiliki ya Marekani, katika ripoti yake ya Januari 2025, ilishikilia kwamba agizo peke yake halimfanyi aliyeliandika kuwa mtunzi wa picha iliyotoka, na mwaka 2023 ilikuwa imekataa kuisajili picha ile ya Colorado. Mchapishaji anayetaka haki zisizo na utata kwa jalada lake analazimika, basi, kuweka ndani yake kazi ya mkono wa mtu inayoweza kuonyeshwa. Msomaji aelezwe, katika ukurasa wa taarifa za uchapishaji au chini ya picha, kwamba imezalishwa kwa akili unde, na faili la kazi litunze agizo la mwisho, mbegu, jina la programu pamoja na toleo lake, na tarehe, kwa sababu matoleo hubadilika, na toleo la pili la kitabu likihitaji mlango uleule ukiwa wazi, rekodi hiyo ndiyo itakayoonyesha pa kuanzia.